Do, Re, Mi, Fa, So, Nya

Juzi msichana mmoja wa mtaa wa Free Area alikuja kwangu na simu mkononi, akaniambia, "Shosho, sasa. Nimeambiwa wewe ndiyo ulifunza makwaya ya hii Nakuru yote. Nataka unifunze kuimba, lakini iwe imeshika kabla ya Sato. Kuna arusi."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, Jumamosi iko mlangoni. Nilimpa chai, kisha nikamwambia alale chali sakafuni, nikamwekea mfuko wa unga juu ya tumbo. Akanitazama kama mtu aliyeingia kwa mganga akidhani ni duka la dawa. "Shosho, hii ni kuimba ama ni nini?" Nikamwambia hii ndiyo kuimba yenyewe. Koo ni mlango tu, nyumba iko chini ya mbavu. Akavuta pumzi, mfuko ukapanda. Akacheka, mfuko ukaanguka ukapasuka, na sote wawili tukashinda tukizoa unga.

Aliimba arusini vile vile alivyokuja, masikini, na watu wakampigia makofi kwa sababu ya nguo. Lakini Jumatatu alirudi, na nimeona kama nitakuwa nikieleza jambo hili mtu mmoja mmoja, nitaondoka duniani kabla ya kulimaliza. Basi someni, nyinyi mnaodhani sauti ni kitu mtu huzaliwa nacho kama pua. Nimefundisha watu kuimba maisha yangu yote ya kazi, na mimi mwenyewe sikuzaliwa na sauti ya kuimba. Nilizaliwa na sauti ya kuita watu.

Sababu yake ilikuwa Baba. Tuliishi katika nyumba za reli hapa Nakuru, miaka ile ya hamsini, na Baba alikuwa fundi wa boila katika shedi ya injini. Aligonga chuma kutwa, na chuma kikamlipa kwa kumfunga masikio. Sikio la kushoto lilikwisha kabisa. La kulia lilifanya kazi likitaka. Kwa hivyo nyumbani kwetu hakuna aliyezungumza. Tulipaza. "BABA, CHAI!" "BABA, KUNA MGENI!" Naye alikuwa na tabia ya kila mtu asiyesikia: alidhani dunia yote ndiyo isiyosikia, kwa hivyo alijibu kwa sauti ya kushinda yetu. Majirani walijua mambo yetu yote. Siku tulipoishiwa chumvi ililetwa mlangoni kabla hatujaenda kuomba.

Nilipoingia kwaya ya kanisa, nikaimba vile nilivyojua kuongea. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Zefania, karani wa stoo ya reli, mtu wa magharibi, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ya upole. Zamani alikuwa jeshini akipiga tarumbeta, na huko ndiko alikojifunza nota. Kama watu wengi wa kwao, herufi ya "b" kwake ilitoka "p", na "d" ikatoka "t". Siku ya kwanza alisimamisha kwaya nzima, akainamisha kichwa kama anayesikiliza panya darini.

"Nani hapa anaita treni?" akauliza.

Kwaya yote ikanigeukia. Hata waliokuwa nyuma yangu walininyooshea kidole.

"Tapitha," akasema, "hapa si steseni. Ukientelea hivyo, ukifika umri wa kuolewa utakuwa umepaki na sauti ya jogoo mgonjwa. Kila Jumanne njoo kwangu na mapema, kapla wengine hawajafika. Mwampie mama yako aje pia."

Ndivyo nilivyoanza masomo ya sauti, katika chumba cha nyuma ya kanisa, mlango ukiwa wazi na Mama ameketi kizingitini akimenya minji, yaani njegere. Ilikuwa bado Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, ingawa ilikuwa imelegea, na mazoezi yaliisha jua likiwa juu ili kila mtu afike kwake mapema. Sikuwahi kusikia mtu anafundishwa kuimba peke yake, na hata Mama hakuwahi. Yeye ndiye aliyempelekea Baba habari, kwa kupaza, na mtaa mzima ukasikia pamoja naye.

"Kufunzwa kuimba?" Baba akanguruma. "Ndege hufunzwa na nani?"

Mama akamwambia Mwalimu anasema nina kitu ndani. Baba akaweka kijiko chini. Akasema hajawahi kunisikia nikiimba. Kwaya yote, kwake, ilikuwa nyuki ndani ya mzinga. Halafu akatoa hukumu: "Mpaka Pasaka. Pasaka nataka nimsikie mtoto wangu, niseme huyu ni yeye. Nisiposikia kitu, ama nikisikia makelele, anaenda Molo kwa shangazi yake achume pareto. Huko angalau kazi inaonekana."

Sina neno baya juu ya pareto. Imesomesha wengi. Lakini Molo kulikuwa na baridi ya kukausha nguo zikawa ngumu kama mbao, na hakukuwa na Mwalimu Zefania. Nililia usiku ule mpaka mto ukalowa. Tazameni mtego wenyewe: nikiimba kwa kupaza, Baba atasikia makelele. Nikiimba vizuri, hatasikia kitu. Nilimweleza Mwalimu Jumanne iliyofuata, naye akakuna kidevu chake, akasema twende pole pole.

Pole pole hiyo ilianzia sakafuni, na si kwa mfuko wa unga. Unga ulikuwa mali ya kupikwa. Aliniwekea tofali. Nilipumua chini ya tofali nikitazama mabati ya paa, na Mama kizingitini akajaribu naye kwa kuweka bakuli la minji tumboni. Halafu Mwalimu akanifundisha kupiga miayo. Vijana, hili msilidharau. Mwayo ndiyo njia ya haraka ya kujua koo lililofunguka linakaa vipi. Piga mwayo, shika mahali pale pale, kisha toa sauti. Ubaya wake ni kwamba unaambukiza. Tulianza mazoezi wengine wakifika, na kila aliyeingia akakuta watu wanapiga miayo, akajiunga, na kuna siku mchungaji alipita dirishani akatuhubiria kuhusu uvivu.

Kulikuwa na neno moja alilokuwa akilirudia kila wakati. Alisema, "Sauti haisukumwi, inapepwa." Mimi nikaelewa inapepewa, yaani kama makaa ya jiko. Nikaenda nyumbani nikafikiri sana juu ya jiko. Ukipepea kwa nguvu, majivu yanakuingia machoni na makaa yanafifia. Ukipepea polepole bila kukatisha, moto unakaa. Basi nikaanza kutoa pumzi namna hiyo, taratibu, bila kukatisha, na sauti ikaanza kutulia. Mwalimu alifurahi akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia napepea, kama ulivyosema. Akanitazama. "Nimesema inapepwa," akasema, "kama mtoto mgongoni." Alikuwa akisema inabebwa! Tulicheka mpaka Mama akamwaga minji. Nimewafundisha wanafunzi wangu yote mawili tangu siku ile, na kila mtu huchagua lake. Wenye watoto huchagua kubeba.

Si kila ushauri ulikuwa mzuri hivyo. Mama mmoja wa jirani aliyesikia habari zetu ukutani, kama kawaida, aliniambia waimbaji wakubwa hunywa yai bichi. Nikanywa. Sitaeleza kilichofuata, ila mayai mengine ya kuku wa Mama yaliyokuwa yamepangiwa koo langu yalipona. Mambo ya kweli ni madogo na hayana ajabu. Kunywa maji ya uvuguvugu. Chai ya maziwa mengi ngoja mpaka umalize kuimba, kwa sababu maziwa hukaa kooni kama mgeni asiyeaga. Githeri, ile ya mahindi na maharagwe, usile kabla ya kuimba. Sababu ya githeri haiko kooni, na aliyewahi kusimama safu ya nyuma ya kwaya ananielewa. Na ule mwezi wa Januari, vumbi la Nakuru linapoinuka, imba ukiwa umefunga mdomo, mmm tu, mpaka mvua irudi.

Sasa nifike kwenye nota, maana hapo ndipo nilipokaribia kweli kwenda Molo.

Mnajua do, re, mi, fa, so, la, ti. Na mnajua sisi Wakikuyu, hasa wa zamani, "l" na "r" zinavyotuchezea. Mimi niliimba hivi, kwa moyo wangu wote: do, le, mi, fa, so, ra, ti. Nilikuwa nimewahamisha majirani wawili bila ruhusa. Peke yangu haikuwa na neno. Lakini Mwalimu alikuwa ametunga wimbo wa Pasaka, na ubeti wa pili ukawa wangu peke yangu, na nota yangu ya kwanza ilikuwa la. Kazi yangu ilikuwa kuiita ile nota kwa jina, kisha besi waingie chini yangu. Nikaita, "Raaa!" Kiprono, aliyekuwa akiongoza besi, kijana wa Rongai mwenye kifua kama pipa, akasikia re, akaingia re, na besi zote nyuma yake. Ilikuwa kama behewa limegonga jingine. Mama kizingitini akaziba masikio.

"Tapitha, si ra. Ni la," akasema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu. Ra."

"La!"

"Ndiyo hiyo. Ra."

Akanipa mazoezi ya ulimi. Lala, lima, lulu, lililolala. Niliyasema nikichota maji, nikifua, nikienda dukani, na watoto wa mtaa wakanifuata wakiimba "rirororara". Wiki zikaenda, Pasaka ikakaribia, na la yangu ilikuja siku moja na kukosa siku mbili. Ikija, nilikuwa nimeifikiria sana hata sauti yenyewe ikakauka. Mwalimu akaliona hilo. Jumanne moja akaingia, akapiga makofi. "Kuanzia leo," akasema, "hii nota inaitwa na. Kila mtu anaweza kusema na. Do, re, mi, fa, so, na, ti."

Yeye alisema "To, re, mi", lakini hilo nalifikia.

Ile na ilikwenda vizuri kwa muda wa nyimbo mbili. Halafu Mwalimu akawageukia besi akasema, "Haya, nipeni to na so." Besi zikaimba do, la, so.

"Hapana. Nimesema to na so."

Besi zikaimba tena, kwa nguvu zaidi: do, la, so.

"Kiprono, kwani masikio yako yako wapi?"

"Mwalimu," akasema Kiprono, "umesema do, na, so. Tumekupatia do, na, so. Unataka tuongeze gani?"

Mwalimu alikaa chini kwenye benchi. Sijawahi kumwona mtu akicheka bila kutoa sauti namna ile, mabega tu yakipanda na kushuka. Mwishowe akajipangusa macho. "Nya," akasema. "Haina maana yoyote na haimkosei mtu. Itaitwa nya." Nami, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikasema, "Mwalimu, tukiwa tunarekebisha, kuna pia hiyo to." "To imefanya nini?" akauliza. Kiprono akaeleza kwa heshima kwamba kwenye ubao imeandikwa do. "Na mimi nimesema nini?" akauliza Mwalimu. "Nimesema to." Hapo ndipo kwaya ilipovunjika kabisa, naye akiwa wa kwanza, na tukaamua kila mtu aende mbinguni na do yake.

Ile nya ilikaa. Nilipokuwa mwalimu mwenyewe niliifundisha, kwa sababu ndiyo niliyoijua, na wanafunzi wangu wakawafundisha wengine. Miaka mingi baadaye msichana wangu mmoja alikwenda chuo cha ualimu, akasimama mbele ya watahini, akaimba so, nya, ti bila wasiwasi. Wakamwuliza nya ni nota gani. Akawaambia, "Ni ya Nakuru." Walimpitisha. Naona walidhani ni jambo ambalo wao ndio hawakulisoma.

Nya ilinipa ile nota, lakini haikunipa sikio la Baba. Hilo lilinikaa moyoni. Nilimwuliza Mwalimu, kama mtu hasikii, ninaimba vizuri kwa faida gani? Akanipeleka hadi mwisho wa chumba, akasimama upande wa pili, akaimba nota moja kwa ile sauti yake ndogo. Niliisikia mahali nilipo. Akaniambia nipaze nota ile ile. Nikapaza. Akasema kelele inamfikia mtu kwa nguvu na inakufa pale pale, lakini sauti iliyojaa haina haraka, inaingia hata kwenye mbao. Sikuelewa kila alichosema. Baadaye nilikuja kufundisha wake wa askari kule Gilgil, wanawake waliozoea kuitana ng'ambo ya uwanja, na kwaya ya wavuvi wa Kamere walioimba kama bado wako ziwani, na nikajikuta nikisema maneno hayo hayo, nao wakinitazama kama nilivyomtazama yeye. Mtu huyaelewa siku anapoyahitaji.

Pasaka ikafika. Mpango wetu ulikuwa Baba akae mbele kabisa, benchi la kwanza, sikio la kulia upande wangu. Mama alikuwa ameweka kitambaa chake hapo tangu mapema. Asubuhi ile ile injini moja ikaharibika, na Baba akaitwa shedi. Ibada ikaanza bila yeye. Tulipoinuka kuimba, nikatazama benchi la mbele nikaona kitambaa peke yake. Nikajisemea, basi, ni Molo. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia na wenzake wawili na ovaroli zao za mafuta. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka ukutani. Wakasimama pale pale mlangoni, mbali kuliko mtu yeyote.

Mungu anajua nilivyotaka kupaza. Kifua kilishajaa tayari. Nilitaka nimwite kama tulivyokuwa tukimwita nyumbani, BABA, NI MIMI. Ubeti wa kwanza ukaisha, Mwalimu akaniinulia mkono, na macho yake yakaniomba nisifanye hivyo. Nikapumua chini, kule tofali lilipokuwa likikaa. Nikaiita ile nota, nya, kidogo tu, na Kiprono akaingia chini yangu mahali pake hasa. Nikaimba. Sikumtazama Baba kwanza. Nilitazama dirisha. Nilipofika katikati ya ubeti nikashindwa, nikamtazama. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, kiganja kimebanwa kwenye mbao, kama alivyokuwa akifanya kwenye boila kujua kama kuna ufa. Kichwa amekiinamisha.

Wenzake wawili walikuwa wakinong'ona jambo la injini. Na Baba, ambaye hakujua kunong'ona tangu masikio yake yafungwe, akawanong'oneza kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni:

"NYAMAZENI. NAMSIKIA MTOTO WANGU."

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akageuka. Mimi machozi yalishuka yenyewe, lakini pumzi haikukatika, na nikaufikisha ubeti mwisho.

Nje baada ya ibada Baba alipita katikati ya watu akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Zefania. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia, na sikuwa na namna ya kutosikia.

"MWALIMU! KWA NINI HUKUNIAMBIA HUYU MTOTO ANAWEZA?"

"Nilikwampia, Mzee," akasema Mwalimu kwa upole wake. "Nilikuja sheti nikakwampia. Ukatikisa kichwa ukasema asante."

"UNASEMAJE?"

Mwalimu akarudia. Baba akamwekea sikio la kulia karibu na mdomo, akasikiliza, akainuka amekunja uso. "WEWE NI MWALIMU WA SAUTI NA SAUTI YENYEWE HUNA?" Watu walicheka, na Mwalimu alicheka kuliko wote. Halafu Baba akamshika mkono, mkono wake mweusi wa mafuta ndani ya mkono safi wa karani, na hakuuachilia.

"MOLO HAENDI," akasema. "KAA NAYE MPAKA AMALIZE KUJIFUNZA."

Mwalimu Zefania alikaa nami miaka, mpaka yeye mwenyewe akastaafu na kurudi kwao magharibi. Mimi sijamaliza bado.